Mia Nne Arobaini na Moja

Dolyna, Saskatchewan
14 Desemba 2007

Mwanangu Roman,

Kabla hujasikia kwa watu, sikia kwangu. Mimi ni mzima. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vimeliwa kidogo na baridi, na nesi amevifunga vikavimba kama pirogi zilizojazwa viazi, lakini vipo na vitabaki. Usianze kupiga simu. Unajua kifaa changu cha masikio kikikutana na simu kinapiga filimbi tu. Andika.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatano nilikuwa narudi kutoka Yorkton, kwenye mazoezi ya kwaya ya Krismasi. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri na upepo unanijia usoni. Nilipopita maghala ya nafaka ya zamani, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Mafuta yameisha. Mimi, Orysia Hnatiw, ninayeendesha barabara ile tangu wewe hujazaliwa!

Unajua mshale wa mafuta wa kigari kile ulikufa siku nyingi, umesimama kwenye nusu hata tangi likiwa tupu. Na unaijua kanuni ya marehemu baba yako: ukijaza tangi, rudisha namba ya safari kwenye sifuri, ikifika kilomita mia tano, jaza tena, usingoje. Nimeifuata tangu tulipomzika na haijaniangusha hata siku moja. Basi gari lilipozimika nikaitazama namba. Mia nne arobaini na moja. Nikafuta kioo kwa glavu, nikatazama tena. Ileile.

Nikawasha mshumaa ndani ya kopo la kahawa kama mtu yeyote mwenye akili, nikajifunika blanketi, nikaziimba nyimbo zote za kwaya, hadi sehemu za wanaume. Dereva wa lori la kusukuma theluji ndiye aliyenikuta. Baadaye akaja askari, kijana tu, akaniuliza jina langu na leo ni siku gani. Nikamwambia mia nne arobaini na moja. Akauliza tena, nikamwambia tena. Meno yalikuwa yanagongana, Roman, na niliona hilo ndilo jambo la maana kuliko yote.

Matairi yako ya theluji uliyonifungia Oktoba yameshika barabara vizuri sana. Gari halikuyumba hata lilipozimika. Na tangu uliponisema kwamba natupa hela bure kwenye petroli ya daraja la juu, naweka ile ya kawaida, kama ulivyotaka. Kwa hiyo sielewi. Wewe ndiye mtu wa magari, nieleze.

Mama yako,
Orysia


Calgary, Alberta
19 Desemba 2007

Mama mpendwa,

Barua yako imefika leo. Saa moja na nusu kwenye baridi ile! Ungekuwa umekufa, halafu unaniandikia habari za pirogi.

Nilishazungumza na yule askari, alinipigia kazini siku ileile. Amenisomea ripoti yake. Ameandika kwamba alikuta mama mzee amechanganyikiwa, hajui siku, anarudiarudia namba isiyo na maana. Ripoti inakwenda kwa wanaotoa leseni, na watataka cheti cha daktari.

Mama, nikuulize bila kukasirika. Tangi haliishi lenyewe. Labda siku ile hukujaza, ukadhani umejaza. Labda ulijaza nusu. Labda namba ya safari uliirudisha kwenye sifuri siku nyingine kabisa. Mama mkubwa Nadia naye alianza hivihivi, unakumbuka? Kwanza jiko, halafu mlango, halafu jina lake mwenyewe. Sisemi ni wewe. Nasema tuangalie.

Nakuja kwenye Krismasi yetu, ile ya tarehe saba Januari, peke yangu, maana Colleen ana zamu hospitalini. Usiendeshe mpaka nifike. Jirani yako Metro Sawchuk atakuletea vitu vya dukani.

Mwanao,
Roman


Dolyna
9 Januari 2008

Roman,

Ulikaa mezani kwangu mkesha wa Krismasi. Ulikula vyakula vyote kumi na viwili nilivyopika kwa mikono hii. Uliimba, ukaweka sahani ya baba yako mahali pake, ukanibusu kwenye paji la uso. Asubuhi uliondoka kabla sijavaa viatu, na nilipofika mlangoni, msumari wa funguo ulikuwa mtupu.

Hukuwa na ujasiri wa kuniambia. Uliniachia kijitabu cha picha cha nyumba ya wazee chini ya sahani ya mkate, ili nikione ninapofuta meza. Kuna wazee ndani yake wanacheka na maputo. Nimeishi miaka sabini na minane na sijaona mtu mzima mwenye akili timamu akicheka na puto. Eti chumba kizuri, dirisha linatazama bustani, dakika kumi kutoka kwenu. Na nyumba hii? Na shamba? Umeshaongea na dalali au naye utamwacha chini ya sahani?

Unajua vizuri duka liko wapi, kanisa liko wapi, na makaburi. Bila gari, Dolyna ni gereza lenye bustani ya kabichi. Umenichukulia miguu, mwanangu, umeitia mfukoni ukaenda nayo Calgary.

Na halafu unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Jana yake tu ulikuwa unanisifu jinsi ninavyokumbuka nyimbo zote. Nakumbuka nyimbo, nakumbuka siku uliyong'oka jino la kwanza na jinsi ulivyolimeza, lakini kujaza tangi sikumbuki. Nilijaza. Nilisimama pale kwenye pampu mpaka mpira ukakata mafuta wenyewe, nikaingia ndani, nikarudisha namba kwenye sifuri kwa kidole hiki. Nirudishie funguo zangu.

Orysia Hnatiw


Calgary
17 Januari 2008

Mama,

Hata neno mama hukuliandika mwishoni. Sawa, nimestahili kwa jinsi nilivyoondoka. Nilikuwa mwoga. Lakini kwa kuchukua funguo siombi radhi.

Baba alianguka ghalani akakaa pale tangu asubuhi mpaka uliporudi jioni kutoka mjini. Mimi nilikuwa huku, nauza vipuri, nacheka na wateja. Simu ya msiba ilinikuta alfajiri ya kesho yake, na tangu hapo simu ikilia asubuhi na mapema naiacha ilie kwanza. Sasa wewe nawe. Unataka nikae huku ningoje simu ya pili?

Umesema mimi ni mtu wa magari, basi nikuambie kama mtu wa magari. Kigari kile nimekiendesha mwenyewe. Tangi likijaa kinapita kilomita mia tano na hamsini hata wakati wa baridi. Hakuna hesabu ya kukausha tangi lile kwa mia nne arobaini na moja. Kwa hiyo kosa haliko kwenye gari, Mama. Inaniuma kuandika hivi.

Chumba wanatushikia mpaka tarehe ishirini na tisa Februari. Baada ya hapo wanampa mwingine. Daktari wa Yorkton atakuona tarehe ishirini, Metro atakupeleka. Nakuomba twende taratibu bila kugombana.

Roman


Dolyna
2 Februari 2008

Roman,

Umenikataza kuendesha. Hukunikataza kukaa kwenye kiti cha abiria.

Metro Sawchuk ana ufunguo wa akiba. Baba yako alimpa kabla hajafa, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kufungia funguo ndani ya gari tangu nikiwa na miaka arobaini. Usije ukaiongeza hiyo kwenye ripoti. Metro akaja, na kofia yake ile inayonuka samaki, nikamwambia: "Metro, wewe utaendesha, mimi nitatazama." Akasema, "Orysia, nikikataa utanifanya nini?" Nikamwambia nitaimba njia nzima. Akakubali.

Tukalijaza kigari pale Dolyna, petroli ya kawaida, kwa matairi yako, mpaka mpira ukakata mafuta. Tukaenda Yorkton, tukazunguka kwa barabara ya ziwani, tukarudi kwenye pampu ileile, tukajaza tena. Ziliingia lita kumi na saba na kidogo. Metro akakuna kichwa. Kesho yake baridi ilikuwa vilevile. Metro akakirudishia kigari matairi yetu ya zamani, yale membamba yaliyokuwa bandani, akayatia upepo mpaka yakawa magumu kama mawe. Akainyonya petroli ya kawaida yote, tukajaza ile ya daraja la juu niliyokuwa naweka tangu enzi za baba yako. Barabara ileile, mwendo uleule, Metro yuleyule. Lita hazikufika kumi na nne.

Ngoja, bado. Njia ni moja, lakini kwa matairi yako namba ya safari ilisoma kilomita nane pungufu. Hapo mimi nikadhani nimeanza kweli kuchanganyikiwa. Metro ndiye aliyeyasimamisha matairi mawili ukutani, moja lako na moja langu, akanionyesha. Lako ni refu kidogo. Likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko kigari kinavyodhani, kwa hiyo namba inasema umekwenda kidogo na kumbe umekwenda zaidi. Mia nne arobaini na moja yangu haikuwa mia nne arobaini na moja. Ilikuwa karibu mia nne sitini. Halafu ni mapana na yana meno kama ya trekta; kila yanapozunguka yanaing'ang'ania barabara, na injini inalipa.

Na petroli. Ulisema kweli kwamba kigari hakihitaji daraja la juu, daraja peke yake halikipeleki mbali zaidi hata hatua. Lakini kwenye pampu ya Dolyna ile ya kawaida imechanganywa na spiriti ya ngano, na ya daraja la juu haikuchanganywa. Imeandikwa pale pale, kwa herufi ndogo, chini ya tangazo la sigara. Spiriti inaungua haraka na haina nguvu kama petroli. Fikiria, Roman! Ngano. Nimeilima maisha yangu yote, nimeivuna na mimba yako tumboni, halafu inakuja kunizimia gari njiani.

Ongeza upepo wa siku ile, ongeza kwamba kila asubuhi naliwasha gari naliacha likiunguruma nje nikinywa kahawa, kama watu wote wa hapa. Kila kitu kimekula kidogo. Kimoja peke yake kisingelikausha tangi. Vyote kwa pamoja vimelikausha.

Kosa liko kwenye gari. Naomba funguo, na naomba uwaambie wale wenye maputo wampe chumba mtu mwingine.

Mama


Calgary
8 Februari 2008

Mama,

Nimeisoma barua yako. Metro ni mtu mwema, lakini kujaribu mara moja hakuthibitishi kitu. Siku hazifanani, upepo haufanani, na pampu yenyewe hukata mapema au huchelewa.

Nimeshatia saini ya chumba. Nitakuja na gari la mizigo mwisho wa mwezi. Tafadhali nenda kwa daktari tarehe ishirini na umjibu vizuri.

Sipendi tuendelee kubishana kwa barua.

Roman


Calgary
10 Februari 2008

Mama Orysia,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako tangu niolewe na Roman, na naiandikia kazini, chumba cha manesi, ili asiione. Najua hukunipenda sana. Mwaka ule wa kwanza pirogi zangu ulizimwagia kuku na mimi nilikuwa dirishani. Sina kinyongo, kuku wenyewe hawakuzimaliza.

Barua yako ya Metro na kigari niliikuta mezani. Roman alikuwa ameisoma na kuigeuza chini juu. Nimeisoma mara tatu na siwezi kunyamaza tena.

Matairi yale yalikuwa kwenye gari langu majira mawili ya baridi. Yanashika barafu vizuri mno, lakini tangu yafungwe nilikuwa nalalamika kwamba tangi halinifikishi wiki. Roman alinicheka. Alisema nakanyaga sana. Halafu akalichukua gari langu mwenyewe, akapima, akarudi. Alisema, "Ni kweli, yanakula mafuta." Ndiyo sababu yalitoka kwangu, Mama Orysia. Yasingetoka kwangu yasingefika kwako.

Aliporudi kutoka kwako na funguo mfukoni, nilimuuliza kama alikuambia kuhusu matairi. Alisema, "Colleen, achana na mambo hayo." Tangu hapo halali. Anakaa jikoni. Sio mtu mbaya, unamjua kuliko mimi. Lakini kazini kwangu naona wazee wanaletwa na watoto wao, wengine wamepotea kweli na wengine wameambiwa tu kwamba wamepotea mpaka wakaamini. Siwezi kukuona miongoni mwa hao.

Ukimwambia mimi ndiye niliyekuandikia, nitasimamia maneno yangu. Ukiweza kutomwambia, nitashukuru.

Colleen


Dolyna
15 Februari 2008

Roman,

Nina swali moja. Matairi yale yalitoka wapi, na kwa nini?

Usipoteze muda kutafuta nani kaniambia. Kwa ndani yameandikwa kwa chaki "Colleen, mbele kushoto," "Colleen, nyuma kulia," kwa mwandiko wako ule wa kuku aliyekanyaga wino. Nilikaa bandani nikayatazama, nikajiuliza: mtu mwenye matairi mazima namna hii, anayeishi mahali penye barafu, anayatoa ya nini?

Kabla hujajibu, ujue umenifanyia nini. Tangu Krismasi nimekuwa najipima kama mtoto wa shule. Nikiamka nataja majina ya ndugu zangu wote, mkubwa hadi mdogo. Nikipika nasema kwa sauti, chumvi nimetia, jiko nimezima. Juzi nilifungua kabati nikasahau nilichofuata. Roman, kila binadamu husahau alichofuata kabatini, hata Metro. Lakini mimi nilikaa chini, sakafuni, nikalia mpaka kifaa cha masikio kikaloa. Nilijiona mimi ni Nadia. Nilikuwa na ushahidi wa Metro mkononi, lita zote nimezihesabu, na bado nilijiona ni Nadia, kwa sababu mwanangu kasema.

Theluji haikunitisha kama hivyo. Kule nilikuwa na mshumaa na nilijua ninachokijua.

Sasa jibu. Sitaki hadithi ya upepo na pampu.

Mama


Calgary
21 Februari 2008

Mama,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Naandika mara moja sasa, bila kuisoma tena.

Nilijua.

Oktoba sikujua, au tuseme nilisahau. Nilikuja na matairi yale nyuma ya gari nikiwaza kitu kimoja tu, kwamba mama yangu asiteleze kwenye barafu. Nilitaka kukuambia kwamba yanakula mafuta, kwamba usingoje mia tano. Halafu ukanipa supu ya viazi vyekundu, tukaanza kubishana habari ya petroli, nikakusema, ukanicheka, nikaondoka. Nilisahau, Mama. Katika habari hii yote kuna mtu mmoja tu aliyesahau, na mtu huyo ni mimi.

Nilikumbuka siku askari aliponipigia simu. Alisema unarudiarudia namba isiyo na maana. Nikamuuliza namba gani. Alipoitaja nilikuwa nimesimama katikati ya rafu za vipuri. Yeye hakuelewa alichoambiwa. Mimi nilielewa palepale. Ulikuwa unakufa kwa baridi na bado ulikuwa unamsomea dalili za gari, kama Baba alivyotufundisha, ili mtu mwenye akili aelewe. Mtu huyo nilikuwa mimi na nikanyamaza.

Ningesema nini? Kwamba nilikaribia kumuua mama yangu kwa zawadi? Ilikuwa rahisi kusema mama anasahau. Nikishasema hivyo, mambo mengine yote yalijipanga yenyewe: chumba, daktari, bustani. Nikaanza hata kufurahi. Nilijiambia, angalau atakuwa dakika kumi kutoka hapa, sitangoja simu tena. Naogopa, Mama. Naogopa simu ya asubuhi kuliko kitu chochote. Badala ya kukuambia naogopa, nikakuambia una kichaa.

Funguo ziko ndani ya bahasha hii. Chumba nimekiachia jana. Nimemwandikia pia mkubwa wa yule askari nikamweleza ile namba maana yake nini, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Hajajibu.

Ulikuwa kwa daktari jana na sijui alisema nini. Sina haki ya kuuliza. Usinijibu kama hutaki.

Roman


Dolyna
3 Machi 2008

Mwanangu Roman,

Nilikaa na barua yako siku kadhaa. Kwanza nilitaka kuitia motoni. Halafu nilitaka kukuandikia maneno ambayo baba yako alikuwa anamwambia fahali. Nilikasirika sana, na bado nimekasirika, na itachukua muda. Usije ukadhani kwa sababu nimekuita mwanangu mambo yamekwisha. Uliniacha nijiogope mwenyewe miezi miwili na dawa yake ilikuwa mdomoni mwako.

Daktari ni mwanamke mdogo, ana vidole baridi. Aliniuliza tarehe, nikamwambia. Aliniuliza waziri mkuu ni nani, nikamwambia na nikaongeza ninavyomwona. Akanitaka nihesabu kurudi nyuma kutoka mia moja kwa kutoa saba, nikahesabu mpaka akachoka yeye. Mwisho akanifungulia ripoti ya askari akauliza, na namba hii ni kitu gani? Nikamweleza kanuni ya mia tano, na tairi refu, na spiriti ya ngano. Aliacha kalamu. Akasema gari lake nalo limekuwa linakula sana tangu Novemba, akaniuliza ajaze wapi. Cheti nimepata. Macho ndiyo anataka yaangaliwe, na amesema giza likiingia nisiendeshe. Hilo nimelikubali, kwa sababu ni kweli. Kweli naweza kuikubali, hata ikiwa chungu.

Matairi yako nimemwambia Metro ayarudishe kwenye gari. Mpaka theluji iishe yatakaa hapohapo. Usishangae. Sio matairi mabaya, Roman. Siku ile gari lilipozimika kwenye barafu na upepo unalisukuma, yalikaa kama yamepigwa misumari. Kwa yale yangu membamba pengine ningeishia mtaroni na lori la theluji lisingeniona. Yanashika barabara na yanakula mafuta. Mambo yote mawili ni kweli. Ulikuwa na haja ya kuniambia la pili tu, Oktoba, au hata Desemba, kwa mstari mmoja. Ningejaza kwenye mia nne, basi.

Ungeniambia tu.

Na hilo la kuogopa pia. Unadhani mimi siogopi? Jioni ile niliporudi kutoka mjini taa ya ghalani ilikuwa inawaka na jua bado halijazama, nikajua kabla sijafungua mlango. Naogopa kila taa iliyosahaulika. Ungeniambia unaogopa, ningekuwa na mwenzangu.

Sasa sikiliza. Pasaka yetu mwaka huu inaangukia mwishoni mwa Aprili, barabara zitakuwa kavu. Nitakuja Calgary, mwenyewe, kwa kigari, matairi membamba, mchana tu, nikilala njiani kwa binamu yangu Saskatoon. Nitaleta mkate wa Pasaka na mayai ya kuchora. Mwambie Colleen aandae unga, nitamfundisha pirogi, na safari hii kuku watakula za kwangu zitakazoharibika. Usimuulize kwa nini nimekuwa mpole kwake.

Nikiingia uani usinikimbilie kunikumbatia, na usinishike mkono kama mgonjwa. Chukua miwani yako, fungua mlango wa gari, uinamie usukani uitazame namba ya safari. Itakuwa chini ya mia tano. Uisome mwenyewe, Roman, kwa sauti kubwa, ili na mimi niisikie.

Mama yako,
Orysia